Bernardine na Watu Waliopangwa Mstari

Bernardine alikuwa mpiga picha pale Mulongwe, Uvira, lakini koti la studio yake mwenyewe hakuligusa kwa mkono. Alilitundua msumarini kwa kijiti, akamnyooshea mteja, na mteja alipomaliza akalipokea kwa kijiti hicho hicho. Lilikuwa koti jeusi la marehemu mume wake, Ndikumana. Tangu uhuru wa mwaka wa sitini kila mwanaume aliyeingia studio alitaka kulivaa, maana kila mmoja alitaka kuonekana kama waziri. Lilivaliwa na makarani, na wavuvi, na wakulima wa pamba kutoka bonde la Ruzizi, na siku moja na mtu mwenye jipu lililopasuka shingoni. Kola ilikuwa imekauka na kung'aa kwa jasho na mafuta ya nywele. Bernardine alilifua mara mbili kwa mwezi, na kila mara maji yalitoka na rangi ya chai na harufu iliyomfanya ageuze uso.

Hata hivyo, sura za wateja zilimchukiza kuliko koti. Mtu akikaa kitini alibana pumzi, akatoa macho, akaweka mkono juu ya kitabu cha Kifaransa ambacho hajawahi kukifungua. Halafu Bernardine akiingia chumba cha giza na kutikisa karatasi ndani ya sahani ya dawa, uso ulioibuka ulikuwa ule ule wa jana na wa juzi.

Alikuwa na miaka arobaini na mmoja. Alizaliwa Luberizi, Mfuliiru wa familia ya wakulima. Ndikumana alitoka ng'ambo, Burundi, naye ndiye aliyemfundisha kazi: kwanza kushika taa, kisha kusafisha picha, na mwisho kupiga mwenyewe siku ambazo kifua kilimzidi mume. Kifua hicho kilimwua mwaka 1961. Alimwachia kamera ya kutazamia kwa juu. Unaishika tumboni, unainamisha kichwa, na anayepita anadhani unatafuta kifungo kilichoanguka. Binti yao mmoja, Anne-Marie, alikuwa ameolewa Bujumbura, na ndiye aliyetuma filme na dawa kwa magari ya wafanyabiashara.

Mwanzoni mwa mwaka 1964 Bernardine alikuwa sokoni anamsubiri dereva aliyebeba mzigo wake. Kamera ilikuwa shingoni. Mbele yake jirani yake Pélagie, muuza unga wa muhogo, aliinua mguu juu ya gunia akawa anatoa mwiba kisiginoni kwa pini, ulimi ukiwa nje pembeni mwa mdomo kama wa mtoto anayejifunza kuandika. Bernardine akabonyeza bila kufikiri. Jioni ile picha ilipoibuka kwenye sahani, alisahau kuitoa kwa wakati ikaingia weusi kidogo. Alikuwa anacheka peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu mume afe alikuwa amepiga picha ya mtu.

Ndipo alipoanza kupanga. Alinunua daftari la shule akaandika mahali pane: Luvungi, Uvira, Makobola, Rurambo. Luvungi angesimama kando ya barabara ya Bukavu siku ya soko, asubuhi, kabla vumbi la kamioni halijapanda. Makobola angekuwa ufukweni wakati mitumbwi inarudi na ndagala. Rurambo, juu milimani, angekaa kwenye njia ambayo wafugaji huteremshia maziwa. Uvira angepiga kidogo kidogo, siku yoyote. Kila mahali filme tatu, kila filme picha kumi na mbili. Chini ya yote akaandika sheria yake na kuipigia mstari mara mbili: asiambiwe mtu yeyote asimame, wala asivae kitu kisicho chake.

Tatizo lilikuwa barabara. Bondeni watu walikuwa wameanza kugombana na wakubwa wao, polisi walisimamisha kila gari, na mwanamke mwenye kamera asingefika hata Sange bila karatasi ya ruhusa. Akamwendea Cyprien, mdogo wa Ndikumana, aliyekuwa karani wa serikali. Bernardine hakumpenda shemeji huyu. Alipaka nywele mafuta mengi mpaka yakateremka masikioni, na alizungumza akiwa anatafuna, sikuzote, hata msibani. Bernardine akamwachia daftari siku tatu.

Cyprien alikuja mwenyewe studio, na kipande cha kuku mkononi.

"Mama Anne-Marie, bakubwa banafurahi sana," akasema. "Banasema iko kazi ya taifa."

"Minye nilikuomba karatasi ya njia, Cyprien. Sikukuomba kazi ya taifa."

"Bila bakubwa weye hauwezi kufika popote. Soma."

Akamnyooshea karatasi iliyopigwa kwa mashine, na muhuri wa zambarau chini. Mahali pane palikuwa pale pale, kwa mpangilio ule ule, lakini juu paliandikwa MIAKA MINNE YA FURAHA. Picha zingetundikwa Uvira siku ya sikukuu ya uhuru, mwezi wa sita. Sheria ya kutomwambia mtu asimame haikuwemo. Pembeni mwa muhuri palikuwa na alama ya kidole, ya mafuta ya kuku.

Bernardine alitaka kuikataa. Lakini filme kumi na mbili zilikuwa zimeahidiwa, na gari pia. Akaikunja karatasi kwa ncha za vidole akaiweka kwenye mkoba.

Yeye na Cyprien walifika Luvungi saa tatu asubuhi, siku ya soko, lakini soko halikuwepo. Kando zote mbili za barabara watu walikuwa wamepangwa mstari, wanaume huku, wanawake kule. Wanaume walikuwa na mashati meupe yaliyotolewa kwenye katoni. Mengi yalikuwa bado na pini za dukani, na mtu mmoja alikuwa na damu kidogo shingoni ilipomchoma. Wanawake walishika bendera ndogo za karatasi. Polisi mwenye fimbo alitembea katikati. Walikuwa wamesimama hapo tangu jua halijatoka.

"Banatungojea," Cyprien akasema kwa fahari, akashuka garini.

Bernardine alianza kupiga kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Cyprien alipiga vidole, watu wakapiga makofi. Akapiga vidole tena, wakanyamaza. Makofi yenyewe yalimkirihi, yalikuwa ya mikono iliyochoka, yanalia kama nguo mbichi zinazopigwa juu ya jiwe.

Katikati ya mstari wa wanawake palikuwa na mzee mmoja, Nyirabagenzi, aliyekuwa anatetemeka kwa homa. Aliinama akatapika juu ya kitenge chake na miguu ya jirani yake. Polisi akatukana, akafukia matapishi kwa kisigino, akaita wanaume wawili wamshike viwiko kwa nyuma asianguke. Kisha akachukua bendera mkononi mwa mzee akamfuta nayo kidevu, akamrudishia.

Bernardine alikuwa amebonyeza.

Akamsogelea. "Mama, ukae chini. Nani alikuambia usimame?"

"Mwanangu, umalize haraka," Nyirabagenzi akajibu kwa sauti ndogo. "Banasema minye nisikae mpaka muntu wa foto amalize."

Muntu wa foto. Njia nzima Bernardine alikuwa amemchukia Cyprien, na polisi, na wakubwa wasioonekana. Lakini aliyesimamisha wagonjwa juani ni yeye, kwa daftari lake. Akafunga kamera, akawaambia watu kwa sauti kubwa kwamba imekwisha, waende nyumbani. Cyprien akapiga kelele kwamba bado. Watu waliwatazama wote wawili, hawakujua wamtii nani, wakabaki wamesimama.

Picha za Luvungi alizisafisha. Cyprien alizipokea moja moja, akasifu, na alipofika kwenye ile ya bendera na kidevu akaipasua vipande akavitia mfukoni mwa shati.

Mwezi wa tano, kabla picha hazijatundikwa, waasi waliteremka na Uvira ikaanguka mikononi mwao. Wakubwa walikimbia na magari waliyonayo. Cyprien hakuonekana wiki mbili, na Bernardine, Mungu amsamehe, alidhani amekufa na hakulia. Kisha akatokea mlangoni. Shati jeupe hakuna, tai hakuna. Alikuwa amefunga majani kichwani, na majani yenyewe yalikuwa yameloa mafuta yale yale ya nywele. Sasa alikuwa mwandishi wa ofisi ya wapiganaji.

Akatoa karatasi. Bernardine aliitambua hata kabla haijakunjuliwa. Maneno MIAKA MINNE YA FURAHA yalikuwa yamekatwa kwa kalamu, na juu yake kwa mkono pameandikwa FURAHA YA WATU WALIOKOMBOLEWA. Luvungi, Uvira, Makobola, Rurambo. Hata muhuri wa zamani haukufutwa. Waligonga mwingine juu yake.

"Luvungi tulishafanya," Cyprien akasema. "Kesho iko Makobola."

"Cyprien, weye huoni kinyaa?"

"Cha nini?"

Aliuliza kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomtisha Bernardine. Hakukataa safari. Nyuma ya shemeji walisimama vijana wawili wenye mikuki, na mmoja wao alikuwa ameshavaa koti la studio.

Makobola ilinuka kabla hawajaiona. Ndagala zilizovuliwa juzi zilikuwa zimeachwa mchangani bila mtu wa kuzigeuza, maana kijiji kizima kiliambiwa kisubiri wageni. Zilikuwa zimevimba na kupasuka, na nzi walikuwa wengi mpaka mchanga ukaonekana unasogea. Pembeni mwa uozo huo watu walipangwa mstari, wanaume huku, wanawake kule, kama Luvungi. Safari hii walishika matawi. Katikati alikuwa amepigishwa magoti mwalimu wa shule, Bonaventure, mikono imefungwa nyuma kwa kamba ya wavu. Kosa lake, walisema, ni kwamba alikula mshahara wa serikali.

Kamanda, mtu mfupi mwenye sauti nzuri ya kwaya, alimweleza Bernardine anachotaka: mwalimu katikati, watu nyuma wanashangilia, na mwalimu naye acheke, ionekane amekubali makosa.

"Cheka, mwalimu," Cyprien akasema.

Bonaventure alijaribu. Meno ya mbele hayakuwepo tena, na kilichotoka mdomoni kilikuwa mate na damu, kikateremka mpaka kifuani kwa uzi mrefu usiokatika. Mtu mmoja mstarini akacheka kweli, kwa woga, na wengine wakamfuata, na makofi yakaanza. Hapo Bernardine akajua kwamba hataweza kuitazama picha hii ikiibuka kwenye sahani yake, katika maji ambayo mikono yake itakuwa ndani.

"Nabadilisha filme," akasema.

Akaenda nyuma ya kibanda, akafungua kamera, akaivuta filme yote nje kwenye jua, akaisokota akaiingiza ndani ya nguo. Kamera akaifunga tupu. Akarudi, akainamisha kichwa, akabonyeza mara kumi na mbili. Alisogea kushoto, akasogea kulia, akamwomba kamanda anyanyue kidevu. Mate yalimjaa mdomoni na hakuthubutu kutema. Walipomaliza, Bonaventure alipakiwa kwenye kamioni iliyoelekea Fizi, na Makobola hawakumwona tena.

Baada ya siku chache Cyprien alikuja kudai picha.

"Dawa imekwisha," Bernardine akamwambia. "Mupaka umefungwa. Anne-Marie hawezi kutuma kitu."

"Weye ulipiga kweli, ama ulituchezea?"

"Nilipiga mbele ya macho yako. Ulete dawa, nitasafisha."

Cyprien akalamba kidole kimoja kimoja, akaondoka. Dawa ilikuwepo, kidogo, ndani ya chupa mbili chini ya kitanda.

Kuanzia hapo Bernardine alipiga Uvira tu, na kwa siri. Alikuwa na filme nane. Alipiga akiwa amejifunika kitenge, kamera ikichungulia kwenye mkunjo. Alipiga Pélagie akiuza unga, akigombana, akilala juu ya gunia. Alipiga watu wakiingia kanisani, wakichota maji mto Mulongwe, wapiganaji wakinyolewa na kinyozi aliyekuwa amewanyoa polisi mwaka jana kwa wembe huo huo. Hakuna aliyesimama kwa ajili yake. Katika miezi ile ya kuchukiza, Uvira ilikuwa sehemu pekee ya mpango iliyokwenda kama alivyoiandika, na alizipenda picha hizo kuliko kitu chochote alichowahi kutengeneza.

Mwezi wa kumi jeshi la serikali lilirudi. Siku ya nne Cyprien alisimama mlangoni na shati jeupe lililopigwa pasi. Nyuma yake alikuwa luteni mmoja.

"Mama Anne-Marie, tunataka zile foto," Cyprien akaanza.

"Foto gani?"

"Zote za wakati wa waasi. Makobola, na za hapa. Muntu alikuona sokoni. Luteni anataka kujua nani alipiga makofi, nani alibapikia, nani alikaa nao. Weye utasaidia taifa."

Bernardine alimwangalia. Alikuwa anatafuna kitu. Akafikiria picha moja anayoipenda sana: Pélagie anacheka, na mbele yake kijana mwenye mkuki ananunua unga. Kesho picha hiyo ingemfanya Pélagie kuwa mpishi wa waasi. Akafikiria kinyozi. Akaona kwamba sheria yake nzuri, ya kutomwambia mtu yeyote, ilimaanisha pia kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyejua yumo pichani.

"Mukuje saa tisa," akasema. "Nizitafute."

Walipotoka tu akabandika maji jikoni. Yalipochemka akayamimina ndani ya karai, akaongeza javeli ya kufulia, akaingiza filme zote. Alikaa juu ya kiti kidogo akizikoroga kwa kijiti. Ngozi ya picha ilianza kulainika, ikachubuka, ikaelea juu ya maji kama kamasi za kijivu. Ilinasa kwenye kijiti, ikanasa vidoleni mwake alipoitoa, nzito, yenye utelezi, na ndani ya kamasi hizo bado uliweza kuona kitu kama sikio, kitu kama bega. Alitapika mara mbili uani. Kisha akarudi akaendelea kukoroga mpaka filme zikawa safi kama kioo. Kamera akampelekea Pélagie, bila kumweleza chochote, naye akaizika ndani ya gunia la unga.

Saa tisa wakaja. Bernardine akawaonyesha karai.

Cyprien aliinama, akaziba pua. "Umeharibu kazi yetu!"

"Yetu?" Bernardine akasema. "Serikali tatu, Cyprien, na harufu yako iko ile ile."

Luteni alimpiga kofi moja, askari wakavunja studio, na yeye akafungwa siku tisa. Alipotoka, Mulongwe ilimwambia habari mbili: kwamba Pélagie na kinyozi wapo salama, na kwamba Cyprien amepewa kazi kubwa zaidi Bukavu. Bernardine alitema chini. Mpaka anakufa, jina la shemeji huyo likitajwa mbele yake alitema hivyo hivyo, hata ndani ya nyumba ya watu.

Mwaka 1967, barabara zilipotulia kidogo, alichukua kamera na filme tatu alizopata kwa Anne-Marie akapanda Rurambo. Hakuwa na karatasi ya mtu yeyote. Alitaka mahali pamoja tu, kati ya pane, pawe safi. Ng'ombe wengi wa huko juu walikuwa wamechukuliwa na waasi waliobaki milimani, nyumba zimechomwa, na watu walikuwa wanarudi mmoja mmoja. Njia ya maziwa ilikuwa imeota nyasi.

Alimkuta mwanamke anasafisha zizi la ng'ombe wawili, mikono imezama kwenye mavi mpaka viwikoni, uso umetapakaa. Mwanga ulikuwa mzuri. Bernardine akashusha kamera tumboni, akainamisha kichwa.

"Weye mama," mwanamke akasema bila kugeuka, "unatafuta nini tumboni kwako?"

Bernardine akashtuka. "Ni kamera. Nilitaka kukupiga foto, hivyo hivyo, ukiwa kazini."

Mwanamke, aliyeitwa Mukabalisa, akasimama wima. "Hivi? Na mavi?"

"Iko vizuri hivyo. Iko kweli."

"Miaka mbili nililala porini. Askari baliniona muchafu, waasi baliniona muchafu. Na weye umepanda mulima kuniona muchafu?" Hakuwa amepaza sauti. "Nina kaka, Manassé, iko Bukavu. Alisikia kwamba nilikufa. Akiniona na mavi hivi atasema, ndiyo, alikufa. Ungoje."

Akaingia ndani. Bernardine alingoja karibu saa nzima, akiwa amekasirika, akinusa zizi. Mukabalisa alitoka ameoga, amejifunga kitambaa cheupe begani, kina mikunjo ya kukaa muda mrefu ndani ya kitu fulani. Akasimama mbele ya zizi, akabana pumzi, akatoa macho.

Ilikuwa sura ile ile. Bernardine alikihisi kinyaa kile kile cha zamani kikimpanda, akafungua mdomo amwambie alegeze mabega. Kisha akaufunga.

"Hicho kitambaa ni cha nani?" akauliza.

"Changu. Cha nani tena?"

Akabonyeza.

"Piga na ya pili," Mukabalisa akasema. "Hiyo ibaki kwangu."

Kufikia mchana habari ilikuwa imezunguka mlima. Walikuja wakiwa wameoga, wazee, wanawake wenye watoto mgongoni, mwanaume mmoja aliyetembea kutoka ng'ambo ya bonde. Kila mmoja alikuwa na ndugu mahali fulani aliyedhani amekufa. Walijipanga mstari wenyewe, wakagombana kidogo nani alitangulia. Bernardine alimaliza filme zote tatu siku hiyo, picha thelathini na sita, zote za watu wenye macho ya samaki.

Alizisafisha Mulongwe kwa wiki mbili, akazituma Bukavu, Bujumbura na kwingineko kwa kila dereva aliyekubali. Pélagie alikuja kumsaidia kuandika majina nyuma. Akaitazama ya Mukabalisa, akaigeuza, akaitazama tena.

"Hii ndiyo ulipandia mulima?" akauliza.

"Iko mbaya," Bernardine akasema. "Usiiguse na unga mikononi. Andika: Manassé."